Miezi Mitatu ya Sheria, Miezi Minne na Siku Kumi za Eda

Nimerudisha funguo za kabati la hukumu, nimerudisha muhuri, kalamu nimebaki nayo kwa kuwa niliinunua mwenyewe. Ninyi vijana wa ofisi mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi ya karani wa mahakama, na hasa namna kesi inavyotoka huku kwetu Kasongo na Kabambare hadi ikafika kwenye mahakama ya juu kabisa, Kinshasa. Sawa. Habari za vyeo sitaziandika. Vingine nilipewa, vingine nilinyimwa, na mpunga wangu shambani haukuona tofauti.

Siku yangu ya kwanza sikuandika hata herufi moja. Karani mkuu alikuwa Mzee Kalonda, mtu wa Kabambare, mfupi, mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mwenye sauti ndogo iliyokuogopesha kuliko kelele. Alinipa sindano ya kushonea magunia na kidonge cha uzi, akanionyesha rundo la karatasi. "Shona," akasema, akaenda zake. Dosye, yaani jalada la kesi, hushonwa ubavuni, na kila ukurasa hupewa namba kwa mkono, ili mtu asije akachomoa karatasi moja usiku wa manane akidhani hatujui kuhesabu. Nilijidunga vidole mpaka nikaona nyota. Mzee Kalonda aliporudi hakunipa pole. Alisema tu, "Angalia damu isianguke kwa karatasi. Juji atauliza iko ya nani."

Wiki nzima nilishona. Wiki ya pili akaniruhusu kuzungusha roleo la mashine ya kuchapa, na ya tatu kuweka karatasi za kaboni bila kuzigeuza. Nilizigeuza mara moja tu. Hukumu nzima ilijichapa mgongoni mwake yenyewe, ikabidi tuisome kwenye kioo cha kunyolea. Hadithi hiyo Mzee Kalonda aliwasimulia wageni wote hadi alipostaafu.

Ni yeye aliyenieleza njia ya kesi. Nawaelezeni kama alivyonieleza, maana naona hata nyie wenye diploma mnachanganya. Ugomvi mdogo huanzia tribinali ya amani. Ule mkubwa, kama wa parsele za ardhi na urithi wa nyumba, huanzia tribinali kubwa. Asiyeridhika hukata rufaa, na majaji wa rufaa huisikiliza kesi upya: mashahidi, wazee wa mtaa, mipaka, kila kitu. Akishindwa tena, ndipo inabaki Kinshasa. Nilipoanza kazi huko juu kulikuwa na Mahakama Kuu moja. Baadaye katiba ikaigawa tatu: moja ya mambo ya katiba, moja ya raia anayegombana na serikali, na moja ya kesi zetu hizi za kila siku, ambayo watu wanaiita kasasyo.

Hiyo kasasyo ndiyo inayowasumbua watu. Wanadhani ni mahali pa kwenda kulia mara ya tatu. Siyo. Kule hawasikilizi mashahidi, hawapimi kiwanja, hawataki kujua nani alimtukana nani kwenye arusi. Swali lao ni moja tu: waliohukumu walifuata sheria au hawakuifuata? Wakiona imefuatwa, mambo yameisha, hakuna pa kwenda tena. Wakiona haikufuatwa, wanaivunja hukumu na kuirudisha kwa majaji wengine wa ngazi ile ile waianze upya, na hao majaji hawana ruhusa ya kubishana nao juu ya sheria. Nguvu yao ndiyo hiyo. Hawampi mtu nyumba, ila bila wao nyumba inaweza kwenda na maji.

Kuna mchimbaji mmoja wa dhahabu alitujia kutoka Salamabila, ana taa kichwani mchana kweupe, kabeba beseni la mawe. Alishindwa rufaa juu ya mpaka wa shimo lake. "Hii mawe itafika Kinshasa," akasema, "wajionee wenyewe kama haikutoka kwangu." Mzee Kalonda akayaangalia mawe kwa heshima, kisha akamwambia, "Baba, kule wanaangaliaka karatasi. Mawe ubakie nayo." Yule bwana aliondoka amenuna. Beseni alituachia, na kwa miaka mingi tulikingia maji ya mvua.

Sasa shikeni hili. Mtu anayetaka kwenda kasasyo kwenye kesi ya namna hii ana miezi mitatu. Na miezi hiyo haihesabiwi tangu hukumu iliposomwa. Inahesabiwa tangu siku karatasi ya hukumu ilipofikishwa kwake. Mnaona? Majaji wakubwa wa Kinshasa, na majoho yao mekundu, wanamngoja mtu mmoja mwenye matope hadi magotini huko Wamaza aandike kwenye hati: leo, saa fulani, nimempa. Asipoandika vizuri, saa haianzi kutembea, au inatembea vibaya. Huku kwetu wafikishaji wa hati walikuwa wachache, kwa hiyo mtu huyo mara nyingi nilikuwa mimi.

Kanuni ni nyepesi kutamka. Mpe mwenyewe mkononi. Usipomkuta, mpe ndugu yake au mtu wa nyumbani kwake. Andika jina, undugu, saa, na asaini au aweke dole gumba. Kutekeleza ndiyo kazi. Wamaza nilimfikishia mtu hati akiwa juu ya mchikichi anakata ngazi, ile mikungu ya chikichi. Aliponiona akapanda juu zaidi. Nikamwita, kimya. Basi nikasimama chini nikaisoma hukumu yote kwa sauti, na mkewe, aliyekuwa akiokota chikichi, akawa anaitikia "ndiyo" kila nilipovuta pumzi. Mwishoni yeye ndiye aliyeweka dole. Niliandika: "mhusika alikuwapo, juu ya mti." Juji aliniuliza kama nina malaria. Lakini hakuna aliyewahi kuipinga hati ile.

Nasema haya ili mjue kwamba kazi hiyo niliijua. Sikuwa mwanafunzi siku niliyoiharibu.

Kulikuwa na mzee mmoja mfanyabiashara wa hapa Kasongo, wa zile familia za Kiislamu za zamani, mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma na ua mpana. Alikuwa na watoto wa mama wawili. Wa mke mkubwa ni Assani na dada yake Mauwa. Wa mke mdogo ni mmoja tu, Zaina. Yule mzee alipopata kiharusi Assani alikuwa Salamabila kwenye biashara, Mauwa alikuwa kwa mumewe, na Zaina ndiye aliyehamia hapo na mume wake, akamwogesha baba, akamlisha uji kwa kijiko kwa miaka. Kabla ya kufa, mzee aliita wazee wa mtaa wanne, akasema mbele yao kwamba nyumba anampa Zaina akiwa hai, na karatasi ikaandikwa, wakasaini. Akafa. Assani akarudi.

Assani hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alikuwa mtoto wa kiume wa kwanza aliyerudi nyumbani akamkuta shemeji yake amekaa kwenye kiti cha baba. Akafungua kesi, yeye na Mauwa pamoja, majina mawili upande mmoja. Mahakama ya kwanza ikampa Zaina. Assani na Mauwa wakakata rufaa. Majaji wa rufaa wakaigeuza: nyumba ni ya urithi, Zaina atoke. Kuhusu ile karatasi ya wazee wanne hukumu haikusema kitu. Si kwamba waliikataa. Hawakuitaja, kama vile haikushonwa humo ndani. Nami niliishona mwenyewe, ukurasa wa thelathini na kitu.

Kwa mtu aliyesoma sheria, hapo pana mlango wa kasasyo ulio wazi kabisa. Juji anaweza kuikataa karatasi yako, lakini lazima aseme kwa nini. Katiba yenyewe inataka kila hukumu iwe na sababu zake. Avoka wa Zaina, yaani wakili wake, Metre Feza, msichana wa hapa hapa Kasongo mwenye maneno makali na viatu vya mpira, alikuwa akingoja tu karatasi ya hukumu ifikishwe ili aandike Kinshasa.

Kabla haijafikishwa, mume wa Zaina akaanguka na baiskeli kwenye teremko, akalala siku tatu, akafa.

Mnajua eda, hata msio Waislamu. Mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, na wanaume wasio wa damu yake hawamkaribii. Dada yake lazima awe naye. Basi Mauwa, aliyekuwa ameandikwa upande wa wadai, akafunga mzigo, akahamia kwa mdogo wake kumpikia na kumchotea maji. Hakuna mtu mjini aliyeshangaa. Asingekwenda ndipo wangeshangaa, na wasingemwachia. Huku kwetu msiba ukiingia, mdai na mdaiwa wanakula sahani moja, ugomvi unangoja nje na viatu.

Ndani ya siku hizo Assani akaniletea hukumu niifikishe. Wiki ya tatu ya eda, saa nne asubuhi, nikasimamisha pikipiki mbali kidogo na ua ili nisipige kelele za injini kwenye nyumba ya matanga. Nikavua kofia. Nikabisha hodi.

Mauwa akatoka, kanga kichwani, mikono ina unga wa muhogo.

"Karibu, karani. Umekuja kwa pole?"

"Pole sana, mama. Nimeleta pia karatasi ya Mama Zaina, ya tribinali. Yuko?"

"Iko ndani, lakini iko mu eda. Hawezi kutoka kwa mwanaume."

"Najua. Naomba radhi."

"Leta, nitamupatia."

Nikampa. Akafuta unga, akasaini. Nikaandika: "imekabidhiwa kwa Mauwa, dada wa mhusika, nyumbani kwa mhusika." Kila neno lilikuwa kweli. Nilipanda pikipiki nikiona nimetenda kiungwana, kwamba sikumsumbua mjane. Nakumbuka hata nilijisifu moyoni. Mjinga mkubwa.

Jina la Mauwa lilikuwa kwenye kurasa zote za dosye ile, nami nililijua vizuri kuliko majaji. Nilikuwa nimemkabidhi mshindani wa Zaina karatasi ya Zaina, na sikuona ubaya wowote, kwa sababu mlangoni pale sikumwona mdai. Nilimwona dada mtu kwenye msiba.

Hesabuni wenyewe. Miezi mitatu ya sheria ilianza na kuisha ndani ya miezi minne na siku kumi za eda. Assani naye alinyamaza. Angeweza kuomba Zaina atolewe mapema, lakini hata yeye hakuthubutu kumtoa mjane nje kabla eda haijaisha. Angekosa wa kumsalimu msikitini. Aliingoja iishe kwa adabu zote, na wiki iliyofuata akaja ofisini na ombi la kumtoa.

Nilikwenda kumsomea Zaina amri. Safari hii alitoka mwenyewe, amevaa nguo ya rangi kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Nikamsomea kwamba kwa kuwa hukumu ya rufaa ilimfikia tarehe fulani...

"Ngoja," akasema. "Hukumu gani?"

"Ile ya rufaa, mama. Niliileta. Nilimpa dada yako."

"Mauwa? Ulimupa Mauwa?" Hakupaza sauti. Alinitazama kama mtu anayetazama mwizi ambaye alimjua tangu utotoni. "Karani, si uko unajua Mauwa iko ananishitaki?"

Nilijua. Nilikuwa naita majina yao kila kikao.

Mauwa alipoitwa hakuficha. Alikiri kwamba karatasi ilikuwa chini ya nguo zake sandukuni. "Kwenye msiba watu hawapanaki karatasi za kesi," akasema, huku anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Nilisema nitamupa akimaliza. Alipomaliza nikaogopa." Hadi leo sijui kama kaka yake alimtuma. Sikumwuliza, haikuwa kazi yangu kumwuliza. Yangu ilikuwa imeshaharibika tayari.

Metre Feza alikuja ofisini siku hiyo hiyo, akakaa bila kukaribishwa. Alinieleza hali ilivyo. Avoka wa huku hawezi kusaini maombi ya kasasyo, lazima awe yule aliyeandikishwa kwenye mahakama ile. Yeye alikuwa na mwenzake Kinshasa aliye tayari. Lakini muda umepita. Wataangalia hati yangu, wataona tarehe, wataona neno "dada" na neno "nyumbani", watasema mama alikabidhiwa kwa njia halali, na ombi litatupwa bila hata kufunguliwa.

"Isipokuwa," akasema, "wewe mwenyewe uandike ni nani ulimpa, na kwa nini."

"Nikiandika, nimejishitaki."

"Ndiyo, baba. Sikukufichi."

Assani naye akaja, kwa upole. Alinikuta naweka namba kwenye rejista. "Karani," akasema, "wewe ulifanya kazi yako. Hati imesainiwa, imepigwa muhuri. Ya nini kujipalia makaa? Waachie wenye kesi kesi yao." Mwenzangu mmoja wa ofisi, ambaye simtaji kwa kuwa bado mnakunywa naye chai, alikubaliana naye kabisa. Karani akianza kusema hati zake ni mbovu, alisema, nani ataamini zile nyingine?

Swali lake lilikuwa la haki. Siku mbili lilininyima raha. Siku ya tatu nikachukua pikipiki hadi Kabambare kwa Mzee Kalonda. Alikuwa amestaafu zamani, macho yameingia ukungu, amekaa kibarazani anamenya karanga kwa kupapasa. Nikamweleza yote.

"Ulimuona huyo mama kwa macho?" akauliza.

"Hapana, mzee."

"Uliandika ulimuona?"

"Sikuandika. Niliandika dada."

"Dada ambaye iko upande gani?"

"Upande wa wadai, mzee."

"Basi andika upande gani. Hauandiki kama uko mubaya ao muzuri, hiyo hawajakuuliza. Andika upande gani." Akarudi kwenye karanga zake. Baadaye akanipa za njiani, zimefungwa kwenye gazeti.

Niliandika. Maelezo yangu hayakuzidi ukurasa mmoja. Kwamba sikumwona mhusika. Kwamba niliyempa alikuwa mdai wa pili katika kesi hiyo hiyo, nami nikilijua hilo. Kwamba hakuwa mkazi wa nyumba ile, alikuja kwa ajili ya eda tu. Kwamba nilifanya hivyo kwa kumheshimu mjane, wala sikupokea kitu kwa mtu. Nikasaini, nikapiga muhuri. Nikashona kwenye dosye kwa sindano, nikaupa ukurasa namba yake. Wiki mbili baadaye nilipata barua ya onyo kutoka juu. Ipo, imo kwenye sanduku langu. Ilichapwa vizuri.

Dosye ikaondoka kwa gari hadi penye ndege, ndege ikaipeleka Kinshasa, na hapo ikatoka mikononi mwetu. Mimi mahakama ile sijawahi kuikanyaga. Nimeitumikia maisha yangu yote kama mtu anayepika chakula cha harusi asiyoalikwa.

Sasa hili msilisahau mkiwaeleza watu: katika kesi za namna hii, kwenda kasasyo hakumzuii aliyeshinda rufaa kuchukua alichopewa. Metre Feza alijaribu kila njia, haikuwezekana. Mwezi ule ule nilisimama kwenye ua ule na kalamu yangu nikaandika orodha ya vyombo vya Mama Zaina vikitolewa nje: sufuria, kinu, kitanda, magodoro mawili, sanduku la marehemu, cherehani. Alivitoa mwenyewe, hakutaka askari avishike. Kinu kilikuwa kizito. Nilitaka kumsaidia, akasema, "Acha, karani. Andika." Nikaandika. Nilijisikia vibaya siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya kazi, na nimewahi kuandika orodha za vitu vya waliouawa.

Akahamia Wamaza kwa ndugu za mumewe. Mvua zikapita, na nyingine, na nyingine. Kila nilipopeleka hati huko nilimwona sokoni na mafungu ya karanga, amekonda, jua limemchoma. Alinisalimu kila mara, salamu kamili, ya kuuliza watoto na shamba. Kesi hakuiuliza hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Siku moja karatasi zikarudi kutoka Kinshasa. Niliikuta bahasha mezani asubuhi, nikaifungua kwa kisu, nikasoma nimesimama. Majaji walijibu mambo mawili. La kwanza, karatasi iliyokabidhiwa kwa mshindani si karatasi iliyomfikia mhusika, kwa hiyo miezi mitatu haikuanza kuhesabiwa, na ombi limekuja kwa wakati. La pili, majaji wa rufaa hawakusema neno juu ya maandishi ya wazee wanne, na hukumu isiyojibu si hukumu. Wakaivunja, wakairudisha kwa majaji wengine. Katikati ya ukurasa lilikuwamo jina langu, la baba na la babu, na baada yake maneno "kwa kukiri kwake mwenyewe." Ndiyo mara pekee nilipotajwa na mahakama kuu ya nchi hii.

Nilimpelekea Zaina nakala yake Wamaza, mkononi, katikati ya shamba la karanga. Nilimfasiria kutoka Kifaransa.

"Basi wamenipa nyumba?"

"Hapana, mama. Wamesema rufaa isikilizwe tena, na karatasi ya baba yako isomwe."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Haizuru," akasema. "Baba aliandika ili isomwe."

Ikasomwa. Kati ya wale wazee wanne wawili walikuwa wamekufa, wawili wakaja, mmoja amebebwa mgongoni na mjukuu wake mkubwa. Majaji wapya wakawasikiliza, wakaeleza sababu zao kurasa sita, na nyumba ikarudi kwa Zaina. Hukumu hiyo nilimfikishia Assani mwenyewe, mkono kwa mkono, mbele ya mashahidi wawili. Akaisaini. Miezi yake mitatu ikapita bila yeye kwenda popote. Alichoka, nadhani, au aliwaona wale wazee.

Siku ya kukabidhi nyumba nilikwenda tena na kalamu yangu. Assani alikuwa ameshaondoka tangu jana yake, ameuacha ua umefagiwa. Mama Zaina alishuka kwenye baiskeli ya mzigo iliyomleta na kinu chake kutoka Wamaza, akaingia, akafungua madirisha moja moja. Kisha akarudi kizingitini nilipokuwa nimesimama na hati. Akaipokea, akasaini jina lake lote taratibu, akanirudishia kalamu.

"Karani, nikuambie kitu," akasema. Aliweka kiganja kwenye ubao wa mlango. "Siku ile ulikuja, miye nilikuwa hapa nyuma ya huu mulango. Nilikuwa nimekaa chini, hapa. Nilisikia sauti ya mwanaume, ya chini, maneno sikusikia. Nikauliza Mauwa ni nani. Akasema ni mutu wa pole."

"Mama, ningejua kwamba uko karibu hivyo..."

"Sikia. Eda inakatazaka kutoka. Haikatazaki kuitika. Ungeita tu jina yangu, ningeitika."

Nilikuwa nimeliita jina hilo kwa miaka, barazani, kwa sauti kubwa, mbele ya majaji na mbele ya mji mzima. Mlangoni kwake sikuliita.